Dawa ya Kikohozi na Afyuni

Huku kwetu, kutoka Mweya hadi Bwera, mafua yakiingia watu huomba dawa ya kikohozi "kali". Mimi nauliza ukali huo ulianzia wapi. Mwaka 1832 Mfaransa Robiquet alitenga kodeini kutoka katika afyuni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikaanza kuuza heroini (ndiyo, heroini!) kama dawa ya kikohozi, na wengi wakawa watumwa wake. Dekstromethofani, isiyo na uraibu kama huo kwa kipimo cha kawaida, iliidhinishwa Marekani mwaka 1958. Kwa mafua tu, naona asali inatosha, isipokuwa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kikohozi kikifika wiki mbili, mgonjwa apimwe kifua kikuu, kwani dawa ya kukizima huficha ugonjwa.