Setilaiti Iliitwa Uhuru, Lakini Data Yake Ilikuwa ya Nani?

Wasee wengi wa Malindi wanaijua San Marco kama kitu cha kuonyesha wageni. Unafika Ngomeni, unanyoosha kidole baharini kwa yale majukwaa ya chuma, unasema "hapo Wataliano walikuwa wakirusha roketi", basi, stori imeisha. Mimi naona hapo ndipo stori inapoanza, hasa kwako wewe unayecheza na bodi ndogo kama ESP32 na unajua raha ya kuona namba ya joto la chumba chako ikitokea kwenye simu.

Ile kazi unayofanya, yaani kihisi kinapima kitu, kifaa kinageuza kipimo kuwa namba, namba inasafiri hewani, halafu mtu mbali sana anaisoma, imefanyika kaunti hii tangu wazazi wetu wengi hawajazaliwa. Nataka tuipitie hiyo historia, kwa sababu kuna swali moja ambalo watu wa hapa hatukuliuliza vizuri wakati ule, na sasa hivi tunaelekea kutoliuliza tena.

Turudi miaka ya sitini. Profesa Luigi Broglio, mhandisi Mtaliano, alikuwa anatafuta mahali pa kurushia roketi karibu na ikweta. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 kusini. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta kasi yake ni kama kilomita 1,670 kwa saa, kwa hivyo roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Na mashariki ya Ngomeni ni Bahari Hindi tupu, kwa hivyo vipande vikidondoka havimwangukii mtu. Jukwaa la kurushia likaitwa San Marco, la kuongozea shughuli likaitwa Santa Rita.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikaruka kutoka hapo. Hii ilikuwa na kihisi ambacho ukikielewa utakipenda. Setilaiti ilikuwa na ganda la nje jepesi na kiini kizito ndani, vimeshikanishwa na mikono yenye kunepa. Hewa nyembamba ya huko juu ilipolisukuma ganda, ganda lilisogea kidogo sana ukilinganisha na kiini. Huko kusogea kukageuzwa kuwa namba, namba zikateremshwa kwa redio, na wanasayansi wakajua hewa ya juu ya ikweta ina uzito gani. Hamna kamera, hamna mbwembwe. Ganda, kiini, redio.

Halafu ikaja ile kubwa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka San Marco ikiwa na setilaiti ya NASA. Kwenye makaratasi iliitwa SAS-A. Marjorie Townsend, mhandisi Mmarekani aliyesimamia mradi, akaipa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyowapokea. Kiswahili chetu kikaenda angani.

Uhuru ilibeba vihisi vya kunasa miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kutoka hapa chini huwezi kuipima, maana hewa inaizuia, na wema wake ni huo, vinginevyo tusingekuwa hapa. Kabla ya hapo watu walirusha roketi ndogo zilizotazama anga kwa dakika chache tu kisha zikaanguka. Uhuru ilikaa juu, ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kama dakika 12, ikipekua anga yote hadi 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja kati ya vile ilivyochunguza, Cygnus X-1, ndicho wataalamu wengi walikuja kukikubali kama shimo jeusi la kwanza kujulikana. Mwaka 2002 kiongozi wa wanasayansi wa mradi huo, Riccardo Giacconi, alikuwa mmoja wa walioshiriki tuzo ya Nobel ya fizikia.

Sasa linganisha na bodi yako. Uhuru ilikuwa na vihisi, wewe unacho. Uhuru ilihifadhi vipimo kwenye mkanda wa sumaku kwanza, kisha ikaviteremsha ilipopita juu ya stesheni ya redio. Wewe ukiwa Marafa na netiweki imepotea, programu yako ikiandika kwenye memori kadi hadi mtandao urudi, umefanya jambo lile lile. Hata MQTT, ile njia ya kutuma ujumbe mfupi mfupi ambayo karibu kila mtu anayeanza haya mambo hukutana nayo, ina damu hiyo hiyo. Mwaka 1999 Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper waliibuni ili kusoma vihisi vya mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako kila baiti ilikuwa ghali. Ndiyo maana inakula bando kidogo. Haikutengenezwa kwa watu wenye waifai ya kumwaga.

Tofauti iko mwisho wa safari. Data ya Uhuru ilienda NASA na kwa timu ya Giacconi huko Massachusetts. Kule ndiko kulikokuwa na swali, kompyuta za kuchambua na watu wa kuandika matokeo. Sisi tulitoa bahari, ikweta na jina.

Wengine watasema, manze, nchi ilikuwa na miaka 7 tu, ulitaka ifanye nini? Ni kweli, na silaumu mtu. Nasema tu kwamba kuwa karibu na mtambo hakukufanyi kuwa mwenye data. Mwenye data ni yule aliyeuliza swali na anayeshika upande wa kupokea.

Na usidhani yaliisha na Uhuru. Setilaiti 9 ziliruka kutoka Ngomeni, ya mwisho mwaka 1988, kisha majukwaa yakanyamaza. Lakini antena za nchi kavu hazikunyamaza. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hupita juu ya Malindi karibu kila mzunguko, kila dakika tisini na kitu hivi, kwa hivyo hapa ni mahali pazuri mno pa kupokelea data. BeppoSAX, setilaiti ya Wataliano na Waholanzi, ilikuwa ikimwaga data yake Malindi, kisha inapelekwa Roma. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mlipuko wa miale ya gama, na kwa mara ya kwanza ikaonekana eksirei iliyobaki baada ya mlipuko wa aina hiyo kuzimika. Watu walikuwa wamekwama na fumbo la milipuko hiyo tangu miaka ya sitini. Ufunguo ulipitia hapa kwetu. Umewahi kusikia ukitajwa darasani? Mimi sijawahi.

Baadaye ikaja Swift ya NASA, iliyorushwa Novemba 2004, nayo ikateremsha data yake Malindi kabla ya kupelekwa Pennsylvania. Na hapa ndipo stori inapogeuka: data ya Swift iko wazi. Kijana wa Kakoneni mwenye simu na bando anaweza kuipakua bure, kama profesa wa popote. Mlango haujafungwa tena. Kinachokosekana ni mtu wa upande wetu mwenye swali.

Nchi nayo imeanza kushika usukani. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya kuhusu kituo hiki, mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Anga za Juu la Kenya. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitolewa kutoka kituo cha kimataifa cha anga, na Aprili 2023 Taifa-1 ikarushwa kutoka Marekani. Poa sana. Lakini mimi nawazia chini zaidi, kwenye meza yako.

Maana sisi vijana tunarudia ya 1970 kwa mikono yetu wenyewe. Unanunua bodi, unaunganisha kihisi, unafungua akaunti ya bure kwenye huduma fulani ya ng'ambo, unatuma namba huko, grafu inatokea, unapiga picha ya skrini, unapost. Data iko kwa nani? Kwa wenye huduma. Na hizo huduma hazidumu. Pachube ilianza London mwaka 2007, na baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011 watu wa Japani waliitumia kusambaza vipimo vya mionzi. Ikauzwa, ikabadilishwa jina kuwa Cosm, halafu Xively, ikauzwa tena. Google nao walikuwa na IoT Core. Tarehe 16 Agosti 2023 wakaizima. Kama Google wanaweza kuzima, ile akaunti yako ya bure ni mgeni tu, na mgeni huondoka.

Simaanishi usizitumie. Tumia, zinafundisha haraka. Lakini chukua mafunzo matatu kutoka Ngomeni.

La kwanza, anza na swali, kifaa kifuate. Giacconi hakurusha vihisi ili aone grafu nzuri. Sisi maswali tunayo hapa hapa. Mto Sabaki unajaa kutokana na mvua iliyonyesha mbali sana, juu huko bara, na maji yanachukua muda kutufikia. Kihisi cha mwangwi kilichofungwa juu ya maji kinaweza kupima kina kila robo saa. Ukiwa na namba za misimu kadhaa, mkulima wa kando ya mto anaweza kupata jibu ambalo leo analipata kwa kuona maji yameingia shambani. Na ule udongo mwekundu unaogeuza bahari ya Malindi kuwa kahawia, unaanza lini, unakaa siku ngapi? Hayo ni maswali yetu. Hakuna mtu wa Massachusetts atakayeamka usiku kuyawaza.

La pili, hifadhi kwanza, tuma baadaye. Nakala ya kwanza ikae kwenye memori kadi, na saa ya kila kipimo iandikwe. Huduma ikifa, wewe bado una kitu.

La tatu, na hili ndilo kubwa, jenga upande wa kupokea. Kompyuta kuukuu ya shule inatosha kuendesha Mosquitto, programu ya bure ya kupokea ujumbe wa MQTT. Klabu ya shule moja ikiwa na seva, shule tatu zikawa na vihisi, tayari mna stesheni yenu. Ndogo, ndiyo. Lakini mnaopokea ni nyinyi, mnaochambua ni nyinyi, na jina la atakayeandika matokeo litakuwa la kwenu.

Najua kuna atakayesema hii ni kazi ya serikali. Serikali ifanye yake, tuidai. Ila bodi ya ESP32 haihitaji jukwaa la chuma baharini wala mkataba wa nchi mbili. Kilichokuwa kigumu 1970 leo kinaingia mfukoni, kwa hivyo kisingizio nacho kimepungua.

Uhuru iliacha kutuma data mwaka 1973. Ilichokusanya kinasomwa hadi leo kwa sababu kuna watu waliopokea, wakatunza, wakaendelea kuuliza. Je, namba za Sabaki za mwaka huu, 2050 mtu atazipata wapi?