Uingiliaji wa Sumakuumeme

Majani mabichi ya chai hayasubiri. Yakikaa yameshindiliwa ndani ya lori hupata joto na kuanza kuharibika, ndiyo maana wenye malori huweka kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Lakini lori linalotoka kituo cha kununulia chai upande wa Mogogosiek, Bomet, laweza kuwa barabarani huku ramani ikilionyesha katikati ya shamba la mtu. Lawama ya kwanza huangukia mvua, ya pili mtandao wa simu. Mvua haina athari kubwa kwa masafa ya GPS. Mara nyingi mkosaji yumo humo humo ndani ya kabini, na kosa lake huitwa uingiliaji wa sumakuumeme.

Sumakuumeme ni neno lililokwisha kukubalika: mkondo wa umeme unaobadilika huzaa uga wa umeme na uga wa sumaku, na nyuga hizo mbili husafiri pamoja kama mawimbi. Utata uko kwenye neno la kwanza, kwani wapo wanaoandika “mwingiliano”. Mwingiliano hudai pande mbili zitendeane, na hulifaa somo la mawimbi mawili yanayokutana. Hapa bodi ya saketi ya kifaa fulani kabini inatoa kelele, na kipokezi cha ishara za setilaiti ndicho kinachoumia. “Uingiliaji” humlazimisha fundi kuuliza nani kamwingilia nani, na matibabu yote huanzia kwenye jibu la swali hilo.

Kipokezi huumia upesi kwa sababu setilaiti za GPS ziko takriban kilomita 20,200 juu yetu. Ishara zake zikifika chini huwa dhaifu kuliko hata kelele ya kawaida ya joto iliyomo ndani ya kipokezi. Kipokezi huzitambua tu kwa kuwa kinaujua mapema msimbo wa kila setilaiti. Ni kama kutafuta mnong’ono kando ya mashine za kusaga majani kiwandani.

Tazama sasa fuwele inayoendesha saketi kwa megahezi 25. Mapigo yake makali huzaa vizidishi: 50, 75, 100 na kuendelea. Kizidishi cha 63 ni megahezi 1575, na ishara ya kiraia ya GPS iko 1575.42. Kelele imeketi juu ya ishara yenyewe. Mbunifu akichagua fuwele ya megahezi 26, vizidishi vya karibu vinakuwa 1560 na 1586, na njia inabaki wazi.

Basi dawa huanzia kwenye chanzo. Kapasita iwekwe karibu kabisa na chipu inayoihudumia, ili mkondo uzunguke katika kitanzi kifupi. Kitanzi kikubwa hugeuka antena. Chini ya nyaya za bodi liwepo tabaka zima la shaba la athi, lisilokatwakatwa. Sehemu inayopunguza volti 24 za betri ya lori hadi 5 ifunikwe kwa kikopo cha bati kilichounganishwa na athi, na nyaya zinazotoka zivishwe pete ya feraiti. Mwisho ndipo antena ihamishwe, ikae juu ya kabini inapoona anga.

Lori likiwa tayari kazini, fundi afungue ukurasa wa kipokezi unaoonyesha nguvu ya ishara ya kila setilaiti ikilinganishwa na kelele. Mahali pa wazi, setilaiti nzuri huzidi desibeli-hezi 40. Zote zikisoma chini ya 30, achomoe kifaa kimoja kimoja, akianza na chaja ya simu ya bei ya chini kwenye dashibodi, kisha kamera ya kioo cha mbele. Namba zikipanda ghafla, mwingiliaji amepatikana.

Vifaa vikikaa pamoja bila kudhuriana, hali hiyo tunaiita upatanifu wa sumakuumeme. Vyuo vyetu vya ufundi vifundishe istilahi hizi mbili pamoja, kwa Kiswahili, fundi akiwa na bodi mkononi: moja inataja ugonjwa, nyingine inataja afya anayopaswa kuirudisha.