Kanoni, kanuni na mapokeo mezani pa mchezo

Katika mchezo wa uhusika watu wachache huketi meza moja, kila mmoja na mhusika wake, na mmoja wao huwa msimulizi: yeye hueleza walipo na yanayowakuta. Dadu zikirushwa, kinachoamua kama upanga umepata au umekosa ni kanuni, yaani ukurasa fulani au jedwali fulani la kitabu cha mchezo. Sasa chukua mezani The One Ring, mchezo wa mwaka 2011 uliojengwa juu ya ulimwengu wa J.R.R. Tolkien. Toleo lake la kwanza huanzia mwaka 2946 wa Enzi ya Tatu, miaka mitano baada ya kufa joka Smaug. Mchezaji anasema mhusika wake anakwenda Moria kumtembelea Balin. Msimulizi anakataa: Balin ataingia Moria mwaka 2989. Hapo hakuna jedwali lililovunjwa wala dadu iliyogoma. Kilichomzuia mchezaji ni jambo lililokwisha kuandikwa kuhusu ulimwengu wenyewe. Waingereza hukiita canon. Sisi kwa mazoea tunakiita kanuni vilevile, kisha tunashangaa mbona wachezaji wanabishana bila kusikilizana.

Mkanganyiko huu una ukoo. Neno la Kigiriki kanon, ufito ulionyooka wa kupimia, lilitufikia kwa njia mbili. Kwa njia ya Kiarabu likawa kanuni: sheria, utaratibu, hata kanuni za hisabati. Kwa njia ya Kanisa likawa kanoni: orodha ya vitabu vinavyokubaliwa kuwa Maandiko, na aliyewahi kufungua Biblia yenye vitabu vya deuterokanoni amekwisha kukutana nalo. Maana inayotakiwa mezani imechipuka katika njia hii ya pili, tena kwa utani. Mwaka 1911 Ronald Knox, ambaye baadaye alikuwa padri Mkatoliki, aliandika insha ya kuwakejeli wahakiki wa Biblia kwa kuvichambua visa vya Sherlock Holmes kwa mbinu zao. Wapenzi wa Holmes waliushika mzaha huo wakaufanya kazi. Hadi leo hadithi fupi 56 na riwaya nne za Arthur Conan Doyle ndizo kanoni kwao, na alichobuni mtu mwingine, kiwe kizuri namna gani, kiko nje.

Basi tuseme kanoni, katika ngeli ya i-/zi-, na kanuni tuiachie dadu. Nimesikia wanaopendelea "simulizi rasmi", lakini rasmi ni neno la ofisini: ukilitamka tu, watu wanauliza nani kapiga muhuri. Na muhuri wakati mwingine upo. Mwaka 2021 wasimamizi wa Dungeons & Dragons walieleza kwamba, kwa upande wa mchezo, kinachohesabika ni kilichomo katika vitabu vya toleo la tano, lililoanza 2014. Kwa kauli hiyo rundo la riwaya za Forgotten Realms, ulimwengu wa Ed Greenwood uliochapishwa kwa ajili ya mchezo huo tangu 1987, lilibaki nje ya mlango. Lakini meza iliyokwisha kukubaliana kuzifuata riwaya hizo haihitaji ruhusa ya mtu. Kanoni yao ni pana kuliko ya mwenye mali, na haina muhuri.

Istilahi ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye utamu: mapokeo. Haya ni yale ambayo watu wa ndani ya ulimwengu ule husimuliana, na watu wa ndani hukosea, husahau, hudanganya. Tolkien mwenyewe alinasa katika tofauti hii. Katika The Hobbit ya mwaka 1937, Gollum, kiumbe wa pangoni, anaweka pete kuwa zawadi ya kushindania mafumbo na Bilbo, hobiti mmoja, yaani mtu mfupi wa ulimwengu ule. Akishindwa, na pete haionekani, anamwomba Bilbo radhi na kumwonyesha njia ya kutokea. Mambo ya kiungwana kabisa. Tatizo likaja mwandishi alipoanza kitabu kilichofuata na pete ile ikageuka kitu ambacho hakuna kiumbe angekitoa kwa hiari. Akaiandika upya sura hiyo na mwaka 1947 akaituma kwa mchapishaji kama mfano tu; miaka mitatu baadaye akaikuta imo katika kurasa za kusahihishwa. Toleo la 1951 likatoka na Gollum anayepiga mayowe na kumlaani mwizi.

Mwandishi mwingine angelifuta la kwanza na kunyamaza. Tolkien alilishusha cheo. Katika utangulizi wa The Lord of the Rings anaeleza kwamba kile kisa cha awali ndicho Bilbo alichowasimulia wenzake na kukiandika katika kumbukumbu zake, kwa sababu pete ilikuwa imeanza kumpotosha. Kilichokuwa kanoni kikawa mapokeo, na uongo wa Bilbo ukawa ushahidi wa nguvu ya pete. Msimulizi mezani anaweza kufanya hivyohivyo. Akigundua kwamba wiki iliyopita alimtaja mfalme asiye wa zama zile, hana haja ya kuwaambia wachezaji wafute daftari. Mzee wa kijijini ndiye aliyekosea jina.

Kuzingatia kanoni, basi, si kukariri. Wapo wachezaji wanaojua tarehe zote na wanaiharibu meza kila Jumamosi. Turudi mwaka 2946. Kundi linafika Rivendell, na uani kuna kijana wa miaka 15 anayeitwa Estel. Kila aliyesoma vitabu anajua huyu ni Aragorn, mrithi wa kiti cha Gondor. Lakini wahusika hawajui, na kijana mwenyewe hajui. Elrond, bwana wa Rivendell, atamwambia jina lake mwaka 2951. Mchezaji anayempigia magoti ametaja jambo la kweli na bado ameikiuka kanoni, kwa kuwa kanoni inahusu pia nani anajua nini, na lini. Anayemwomba Estel amshikie farasi, kisha akamfokea kwa uzembe, amecheza vizuri zaidi.

Wala si kukataza nyongeza. Mtambaji wa kisa cha Fumo Liyongo anaweza kurefusha karamu, akaongeza maneno ya mama yake na vituko vya gerezani, wasikilizaji watamfuata. Akiigusa ile shaba ya kitovuni iliyomuua Liyongo, watamkatiza.

Hata nyanya ina mahali pake. Katika The Hobbit ya awali mchawi Gandalf anaagiza kuku na nyanya. Katika toleo la 1966 nyanya zimeondoka na mahali pake pana achari, pengine kwa kuwa nyanya ni mmea wa bara la Amerika ulioonekana mgeni mno katika ulimwengu ule. Tumbako, ambayo asili yake ni hukohuko, ikabaki, na Tolkien akaihangaikia kuipa jina na historia ya kihobiti. Ukimshangaa msimulizi anayekataza mahindi katika nchi ya hobiti, kumbuka katazo hilo limetokea wapi.

Yako pia mapengo ya kanoni, mahali ambapo maandishi yamenyamaza. Kati ya wachawi watano wa Tolkien waliotumwa kutoka ng'ambo ya bahari, Gandalf akiwa mmoja wao, wawili walivaa samawati wakaenda mashariki, na hadithi kuu haiwafuati. Mchezaji akitaka kuwa wa sita, akataliwe. Kundi likitaka kuwafuata wale wawili, msimulizi afungue daftari jipya, na atakachokiandika humo pamoja na wachezaji ndiyo kanoni ya meza: haimfungi mtu wa meza ya pili, ila wao wenyewe inawafunga kama vitabu vinavyowafunga, mpaka kampeni, yaani mfululizo wa vikao vyao vya mchezo, iishe.