Mjóifjörður: Halmashauri Iliyoishiwa Watu

Mjóifjörður ni mkono wa bahari unaopenya takriban kilomita 18 kati ya milima ya mashariki mwa Iceland. Fyodi hii ina Seyðisfjörður kaskazini na Norðfjörður kusini. Milima yake inapanda kwa ghafla kutoka majini, na ardhi tambarare ni ukanda mwembamba wa ufukweni. Mashamba yalijipanga hapo moja moja, kila moja na kondoo wake, nyasi za kukatia majira ya baridi na mashua ya kuvulia. Kwa kilimo peke yake, watu wengi wasingeweza kuishi hapa.

Mashamba hayo yaliunda Mjóafjarðarhreppur. Hreppur ni mamlaka ya kijijini ya zamani sana nchini Iceland, na imetajwa tangu sheria za Zama za Kati. Kazi yake kuu haikuwa kukusanya kodi wala kujenga barabara. Wakulima waliwajibika kwa pamoja kuwatunza maskini, wazee na yatima wasio na ndugu, na kila msimu wa vuli walisaidiana kuwakusanya kondoo kutoka malisho ya milimani. Mfumo huo ulitegemea majirani wanaofahamiana na kaya za kutosha kuubeba mzigo.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, bahari ilibadilisha hesabu hiyo. Wanorwei walikuja Fyodi za Mashariki kuvua heringi, na pamoja nao zikaja fedha, mbao na ajira. Mwaka 1895 Otto Wathne, mfanyabiashara Mnorwei wa Seyðisfjörður, alisimamisha mnara wa taa wa mawe kwenye rasi ya Dalatangi, mlangoni mwa fyodi. Mnara huo mdogo ungalipo, karibu na ule uliojengwa mwaka 1908 kuchukua nafasi yake.

Kilichoitikisa Mjóifjörður zaidi ni nyangumi. Hans Ellefsen, Mnorwei mwingine, alikuwa na kituo huko Önundarfjörður, magharibi mwa nchi. Nyangumi walipoadimika upande huo, alihamia Asknes, ndani ya Mjóifjörður, mwaka 1901. Kituo chake kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa vya kaskazini mwa Atlantiki. Meli za mvuke zilikokota mizoga hadi ufukweni, mafuta yakachemshwa na mabaki yakasagwa kuwa unga. Wenyeji waliozoea kulipana kwa sufu na samaki walipata ujira wa fedha taslimu. Lakini utajiri huo haukuwa na mizizi mahali hapo: mtaji na meli vilikuwa vya wageni, na windo lenyewe liliisha haraka. Ellefsen aliondoka hata kabla Bunge la Iceland halijapitisha, mwaka 1913, sheria ya kusimamisha uwindaji wa nyangumi, iliyoanza kutumika mwaka 1915.

Baada ya hapo watu walipungua polepole. Vijana walifuata viwanda vya samaki katika miji ya Neskaupstaður na Seyðisfjörður, au walikwenda Reykjavík. Barabara ilipokuja, ilipita juu ya mlima na kufungwa na theluji kwa miezi mingi kila mwaka, hivyo tegemeo la majira ya baridi likabaki kuwa mashua ya kwenda Norðfjörður. Hata hivyo, mahali hapa padogo palimtoa Vilhjálmur Hjálmarsson, mkulima wa Brekka, mbunge na waziri wa elimu kuanzia 1974 hadi 1978. Baada ya siasa aliandika historia ya fyodi yake, kazi iliyookoa kumbukumbu za mashamba mengi yaliyokwisha kuhamwa.

Sheria ya serikali za mitaa ya miaka ya 1980 iliweka wakazi 50 kuwa kiwango cha chini, na mamlaka iliyobaki chini yake kwa miaka mitatu mfululizo ilipaswa kuunganishwa na nyingine. Mjóafjarðarhreppur ilikuwa na watu wapatao 40 tu. Mwaka 2006 iliunganishwa na manispaa jirani ya Fjarðabyggð, pamoja na Austurbyggð na Fáskrúðsfjarðarhreppur.