Mashamba ya Takaungu kwa mwendo wa baiskeli

Kipupwe ndicho kipindi cha kuzuru mashamba ya Kilifi kwa baiskeli. Masika yamekwisha, vumbi limetulia, jua la Julai halichomi kama la Februari, na mtu anaweza kutoka Kibarani asubuhi akafika Takaungu bila kujichosha. Kwenda kusini upepo wa kusi humpiga usoni, kwa hiyo heri akubali mwendo wa pole tangu mwanzo. Wakati wa kurudi, upepo huohuo humsukuma.

Njia inapita mjini Kilifi, inavuka daraja lililofunguliwa 1991 na kumaliza enzi za feri, kisha inafika Mnarani. Wageni wengi huishia hapo. Magofu ya msikiti na kaburi la mnara, yaliyofukuliwa na James Kirkman miaka ya 1950, yanatosha kumaliza asubuhi nzima, tena yanalindwa na Makavazi ya Taifa na yana maelezo yake. Mimi namwomba mwenye baiskeli asishuke bado. Kusini ya hapo unaanza mkonge, na historia ya mkonge huo na ya ardhi iliyo chini yake ni ndefu na nzito kuliko watu wanavyodhani wakiwa ndani ya matatu.

Simama kando ya mstari mmoja uutazame mmea wenyewe. Majani yake ni magumu, yamenyooka juu, na kila moja linaishia kwenye mwiba mweusi unaoweza kutoboa ngozi na tairi pia. Mkataji huondoa mwiba huo, hukata majani ya chini karibu na shina, huyafunga mafungu ya majani 30, kisha huyapanga kando ya njia yakachukuliwe. Ni kazi ya kuinama tangu alfajiri, na hulipwa kwa kadiri ya mafungu. Katika uzito wote wa jani, nyuzi ni kama asilimia 4 tu. Kinachobaki ni maji na nyama ya jani. Majani hayana budi kufika kwenye mtambo upesi kabla hayajakauka, maana yakishakauka nyuzi hazitoki vizuri. Ndiyo sababu mashamba haya yamekatwa kwa njia ndefu zilizonyooka, zote zikielekea kiwandani. Mwendesha baiskeli anayefurahia unyoofu wa njia hizo anapita juu ya hesabu ya mwenye shamba.

Katikati ya mistari imesimama mibuyu. Waliosafisha msitu waliiacha, kwa kuwa mbuyu mkubwa ni shida kuung'oa, na mkonge ukapandwa kuuzunguka. Mibuyu hii ilikuwepo kabla ya hatimiliki yoyote ya shamba.

Mkonge ni mgeni hapa. Asili yake ni rasi ya Yucatán, Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai Tanga na Pangani ilikuwa 62 pekee. Kutokana na miche hiyo michache mashamba ya Tanganyika yalijaa mkonge, na mwanzoni mwa karne ya 20 zao likavuka mpaka kuingia Kenya. Pwani ya Kilifi iliupokea vizuri: mkonge huvumilia ukame na mawe ya matumbawe ambayo mahindi hayawezi kuyavumilia. Vipingo, kusini zaidi, paligeuka kuwa mojawapo ya mashamba makubwa ya mkonge nchini.

Ardhi yenyewe ilikuwa shamba kabla ya hapo. Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alipoitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837, sehemu ya ukoo huo ilikimbilia Gazi na nyingine ikaja Takaungu. Hapo walijenga mji wao, na mmisionari Johann Ludwig Krapf alipopita Januari 1844 aliukuta umesimama. Nyuma ya mji yalienea mashamba ya mtama, mahindi na ufuta. Kaskazini, Malindi nayo ilifufuliwa chini ya Sultani Majid kuanzia 1861, na majahazi yakawa yanapakia nafaka ya pwani hii kuipeleka Arabuni. Waliolima ni watumwa, wengi wao wakitoka bara ya mbali hadi nchi za Ziwa Nyasa. Majumba ya mabwana bado yana watu wa kuyaeleza. Waliolima hawana kaburi linalojulikana.

Watumwa wengi hawakukubali. Walitoroka kuelekea bara, nyuma ya Takaungu, wakaanzisha vijiji vyao. Mashuhuri kati ya hivyo ni Fuladoyo, kilichoongozwa na Mgiriama Mkristo aitwaye David Koi. Watoro walilima na kusali huko, wakapokea wenzao waliozidi kuja. Kwa mabwana wa Takaungu kijiji cha namna hiyo kilikuwa hatari iliyo hai, na mwaka 1883 Koi aliuawa. Wasomaji wa Karen Blixen huijua Takaungu kwa sababu rafiki yake Denys Finch Hatton alikuwa na nyumba ufukweni hapo, kabla ya kufa katika ajali ya ndege Voi mwaka 1931. Sina neno baya na nyumba hiyo. Lakini nikichagua jina moja ambalo kila mtoto wa shule ya Kilifi alijue, nitachagua la Koi.

Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi katika ukanda wa pwani wa maili kumi. Mwenye madai alitakiwa ayawasilishe na kuyathibitisha, na waliojua njia za ofisi walipata karatasi. Waliokuwa watumwa, na Wagiriama na Wakauma waliolima kwa desturi, wengi walibaki bila chochote mkononi. Neno skwota, tunalolisikia hadi leo katika kila kampeni ya uchaguzi Kilifi, linaanzia hapo.

Mashamba ya Wazungu nayo yalitaka mikono. Kuanzia 1912 serikali ya kikoloni ilimtuma ofisa wake Arthur Champion kwa Wagiriama kudai kodi na vibarua. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwaapisha watu wakatae. Alikamatwa mwaka 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishwa hadi Kisii, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Habari hii husimuliwa kama ya kaya na viapo, na ni kweli, lakini chanzo chake kimojawapo ni hitaji la watu wa kuinama mashambani kama haya.

Bei ya mkonge ilipaa wakati wa vita vya Korea, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kisha kamba za nailoni zikaingia, na kuanzia miaka ya 1960 bei ikaporomoka. Mashamba mengi ya Afrika Mashariki yakawa vichaka. Haya ya Kilifi yalidumu. Sasa kinachoyapunguza ni ardhi yenyewe kuwa na thamani kubwa kuliko jani. Huko Vipingo kampuni ya Centum ilinunua zaidi ya ekari 10,000 kwa ajili ya kujenga mji mpya, na mkonge unapisha nyumba. Upande wa Takaungu, ardhi ya dhamana ya Wamazrui, iliyotambuliwa kisheria mwaka 1914, ilifutiwa sheria yake na Bunge mwaka 1989. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema ufutaji huo ulivunja Katiba. Kati ya Wamazrui wenye hati ya kale na familia zilizolima hapo vizazi kadhaa, mzozo huu una uchungu pande zote mbili, na sioni namna ya kuumaliza bila kwanza kuyasema yote yaliyotokea katika mashamba haya.

Atakayekwenda aombe ruhusa langoni kabla ya kuingia njia za ndani, kwa kuwa ni mali ya watu na wakataji wako kazini. Abebe maji na tyubu ya akiba. Na akifika Takaungu, awaulize wazee njia ya zamani ya kwenda Fuladoyo ilipita wapi.