Unix ilizaliwa kwenye kompyuta kuukuu

Leo tuzungumzie swali ambalo nimeulizwa mara nyingi hapa Nyanchwa, huku kwetu mlimani mjini Kisii: kompyuta hufa lini? Mafundi wengi watakuambia kwamba hufa siku Windows yake inapoacha kupata masasisho. Kwa hesabu hiyo, maelfu ya kompyuta za Windows XP zilikufa tarehe 8 Aprili 2014. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu inaanzia mwaka 1969.

Mwaka huo kampuni ya AT&T ya Marekani ilijitoa katika Multics, mradi mkubwa wa mfumo endeshi. Watafiti wake wa Bell Labs, akiwemo Ken Thompson na Dennis Ritchie, wakaomba wanunuliwe mashine mpya. Wakubwa wakakataa. Thompson akajitafutia PDP-7, mashine ndogo iliyokwisha kupitwa na wakati na ambayo watu hawakuigombania. Kumbukumbu yake ilikuwa kama kilobaiti 18 tu! Unix ya kwanza iliandikwa humo. Kwa hiyo mtu anayeweka mfumo wa ukoo wa Unix kwenye kompyuta kuukuu haushushii hadhi. Anaurudisha nyumbani.

Mwaka 1973 Unix iliandikwa upya kwa lugha ya C, na hapo ikawa rahisi kuihamishia mashine nyingine. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikatengeneza tawi lake, BSD. Toleo la 4.2BSD la mwaka 1983 lilikuja na TCP/IP, lugha ambayo intaneti inazungumza hadi leo. Mwaka 1992 William na Lynne Jolitz wakatoa 386BSD kwa ajili ya kompyuta za kawaida, na mwaka 1993 zikazaliwa NetBSD na FreeBSD. Bahati mbaya, kesi ya haki miliki dhidi ya BSD ilidumu kuanzia 1992 hadi 1994. Watu wakaingiwa na hofu, na Linux, iliyoanza mwaka 1991, ikapata nafasi ya kutangulia.

Afrika Mashariki nasi tumo katika hadithi hii. Warsha za AfNOG, zilizofika Nairobi mwaka 2006, zilifundisha wahandisi wa mitandao kuendesha seva kwa FreeBSD. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Na shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, limezifanyia ukarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni.

Sasa turudi Nyanchwa. Mwalimu mmoja jirani yangu ana vijana watano wanaotaka kujifunza kuandika programu, na kompyuta moja: Pentium III yenye RAM ya MB 256. Fundi alimshauri aiuze kwa watu wa vyuma chakavu. Nikamwambia, "Mwalimu, ngoja kwanza."

Siku hizi uchaguzi umepungua. Ubuntu iliacha kutoa matoleo mapya ya prosesa za biti 32 mwaka 2019. Mwaka 2025 Debian 13 na FreeBSD 15 zikafuata njia hiyo. NetBSD 10, iliyotoka Machi 2024, bado inazikubali, hata 486. Hawa ndio jamaa ambao mfumo wao uliwahi kuendesha kibaniko cha mkate mwaka 2005, kwa hiyo Pentium III kwao ni mashine ya kifahari!

Kazi yenyewe ni hii:

- Choma CD ya i386. Mashine nyingi za umri huu haziwezi kuwaka kutoka USB.
- Washa kutoka CD, chagua lugha na kibodi, kisha diski. Kumbuka kuhamisha faili zako kwanza, kwa sababu diski itafutwa.
- Usiache fungu la kampaila. Vijana watapata lugha ya C, kihariri cha vi na vitabu vya maelekezo humo humo, bila kuhitaji intaneti.
- Mwishoni fungua faili ya /etc/fstab na uongeze neno "log" kwenye diski kuu.

Hatua hiyo ya mwisho msiidharau. Kisii ni nchi ya mvua na radi, na stima hupotea bila kubisha hodi. Tangu NetBSD 5.0 ya mwaka 2009, mfumo unaweza kuandika kumbukumbu za mabadiliko ya diski, hivyo stima ikirudi ukaguzi huwa wa haraka.

Nisiwadanganye: mashine hii haitafungua tovuti za kisasa. Pentium III haina amri za SSE2 ambazo vivinjari vikubwa vya leo vinazihitaji. Facebook na YouTube sahau. Lakini mwalimu hakuwa akitafuta YouTube. Alitaka mahali ambapo kijana ataandika mistari kumi, aone kosa lake, arekebishe, aandike tena. Thompson naye hakuwa na zaidi ya hapo mwaka 1969, na mashine yake ilikuwa dhaifu mara nyingi kuliko hii.

Basi kabla hujampigia mtu wa vyuma chakavu, jiulize: ni kompyuta iliyokufa, au ni muuzaji aliyechoka nayo? Tukutane tena panapo majaliwa.