Mfuko wa Tabianchi wa Kaunti (Kenya)

Mfuko wa Tabianchi wa Kaunti ni utaratibu wa fedha za umma nchini Kenya unaowapa wananchi wa wadi uamuzi wa namna ya kukabiliana na ukame na mafuriko. Ulianza kwa majaribio Isiolo, kisha ukaenea Garissa, Wajir, Kitui na Makueni. Kiini chake ni kamati ya wadi ambayo wajumbe wake huchaguliwa na majirani zao. Asilimia 70 ya fedha za mfuko huamuliwa na kamati hizo, 20 huenda kwenye miradi ya kaunti nzima, na 10 hugharimia uendeshaji.

Isiolo ndiko mfano ulikochota nguvu zake, kwa kuwa wafugaji Waborana wa huko tayari walikuwa na dedha, baraza la wazee linalopanga malisho ya masika, ya kiangazi na ya akiba wakati wa ukame mkali. Ili kuyaweka maarifa yao kwenye ramani, picha za setilaiti ziliangazwa ukutani, na wafugaji wakaonyesha visima, mapito ya mifugo na malisho ya akiba. Maarifa ya wazee yakawa ramani ambayo afisa mipango hawezi kuipuuza. Heshima hiyo ilikuwa imecheleweshwa mno.

Makueni iliweka kanuni zake mwaka 2015, ikitenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wajir ilitenga asilimia 2. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mpango wa FLLoCA (Ufadhili wa Hatua za Tabianchi Zinazoongozwa na Jamii), uliopeleka mfumo huu kwenye kaunti nyingi zaidi.